Kijiji kisicho na ramani: kufungua mafundo ya The Prisoner

Ukirushiwa tamthilia ya Kiingereza ya The Prisoner kwenye flashi pale Mwanjelwa, Mbeya, ukaenda nayo nyumbani na kuichomeka nyuma ya televisheni, kitakachojitokeza kwanza si mwanzo. Televisheni nyingi hupanga mafaili kwa alfabeti. Kwa hiyo utaanza na A. B. and C., itafuata A Change of Mind, ndipo ije Arrival, ambayo ndiyo sehemu ya kwanza yenyewe. Ukiendelea kubonyeza tu, Fall Out, ambayo ndiyo tamati, utaikuta ya saba. Once Upon a Time, ambayo ni nusu ya kwanza ya tamati hiyohiyo, utaikuta ya kumi na tatu. Mtu aliyetazama hivyo akirudi dukani na kulalamika kwamba sizoni imechanganywa, simlaumu.

Kijana wa dukani atamjibu kwamba mafaili yote yamo, na hatakuwa amedanganya. Tatizo ni kwamba hata ukizipanga sehemu zote 17 kama zilivyorushwa Uingereza, bado zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Steringi anaambiwa kwamba anakofungiwa ni Lithuania. Baadaye hesabu ya safari yake ya majini inaonyesha ni karibu na Moroko. Mwishoni anatoka humo kwa lori, na barabara inampeleka London bila kuvuka bahari. Katikati, akiwa ameshakaa muda wa kutosha kujua kila kichochoro, anamwambia mtu kwamba yeye ni mgeni. Halafu kuna sehemu inayoanza na farasi na bastola, makauboi watupu, kana kwamba umewekewa muvi nyingine.

Watu wengi huishia hapo na kusema tamthilia haina kichwa wala miguu. Mimi naipenda kuliko nyingine yoyote niliyowahi kutazama, na ninavyoiona, mafundo karibu yote yanafunguka ukijua mambo mawili: kwamba walioitunga walikuwa wanaume wawili wenye hadithi mbili tofauti vichwani, na kwamba ilirefushwa kuliko ilivyokusudiwa.

Kwa asiyeijua kabisa, tuanze hivi. Ilianza kurushwa Uingereza Septemba 1967 na ITV, ile ya kwao, si hii yetu iliyokuja 1994. Steringi ni Patrick McGoohan, naye jina halisi la mhusika wake hatulisikii kamwe. Kila sehemu, isipokuwa chache, inafunguliwa na picha zilezile. Radi inapiga. Gari dogo la wazi aina ya Lotus linakuja mbio. Dereva anashuka, anapita kwenye korido ya giza, anaingia ofisini na kupiga ngumi meza ya bwana mmoja aliyekaa kimya, anamwachia barua ya kujiuzulu. Mashine inagonga picha yake alama za X na kuidondosha kwenye droo. Anarudi nyumbani kufunga sanduku. Nje limeshasimama gari la kubebea maiti, na mtu aliyevaa kofia ndefu anausogelea mlango. Moshi unapenyezwa kwenye tundu la funguo. Anapozinduka yuko kwenye chumba kilekile, na vitu vyake vilevile, ila akisogeza pazia haoni London. Anaona Kijiji.

Kijiji ni kizuri mno. Nyumba za rangi, bustani, bendi ya matarumbeta, watu wenye miavuli ya mistari wakisalimiana kwa adabu. Hakuna mwenye jina. Kila mtu ana namba kifuani, na yeye ni Namba Sita. Kinara wa mahali hapo ni Namba Mbili, ambaye hubadilishwa karibu kila sehemu, maana kila anayeshindwa kumvunja Namba Sita anaondolewa. Wanachotaka kwake ni jibu moja tu: kwa nini ulijiuzulu? Ukijaribu kutorokea baharini, linaibuka puto kubwa jeupe, linakukimbiza na kukufunika uso mpaka ukose pumzi. Puto hilo lenyewe lilikuja kwa dharura. Walikuwa wametengeneza mtambo wa magurudumu uwe ndiyo mlinzi, ukagoma majini, ndipo wakachukua wazo la maputo yanayotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa. Sijui kama kuna mtambo wowote ambao ungetisha kama kile kitu kisicho na macho wala mdomo.

Wawili kwenye usukani mmoja

Wa kwanza ni George Markstein, mhariri wa miswada, mwandishi wa habari kwa asili. Yeye alikuwa anajua habari za jumba moja la Uskoti liitwalo Inverlair Lodge. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliwaweka pale watu waliokuwa na siri nyingi mno kichwani: hawakuwa na kosa la kuwafunga jela, lakini kuwaachia mtaani nako kulikuwa hatari. Markstein akajiuliza, jasusi akichoka kazi na kuandika barua, serikali inamfanya nini? Hadithi yake ilikuwa ya kijasusi, na hadithi ya kijasusi inadai majibu. Kijiji kina mwenyewe, kina mahali kilipo, na kujiuzulu kwa steringi kuna sababu.

Wa pili ni McGoohan mwenyewe. Alikuwa ameshakuwa nyota kwa Danger Man, tamthilia ambayo alicheza jasusi aitwaye John Drake, na alikuwa amechoka nayo. Huyu ndiye mtu aliyekataa nafasi ya kuwa James Bond. Alimwendea Lew Grade, tajiri wa televisheni aliyekuwa akimlipa, na wazo la kitu kipya, akapewa pesa na uhuru ambao waigizaji wachache waliwahi kupewa. Alikuwa msimamizi, alielekeza, aliandika, mara nyingine kwa majina ya bandia: mswada wa Free for All una jina la Paddy Fitz, na uelekezaji wa Many Happy Returns una jina la Joseph Serf. Wote ni yeye. Na McGoohan hakuwa anaandika ujasusi. Alikuwa anatunga fumbo kuhusu mtu mmoja na jamii inayomtaka akubali, atabasamu, avae namba yake kama wenzake. Kwenye fumbo la namna hiyo, kuuliza Kijiji kiko nchi gani ni kama kumuuliza bibi sungura wa hadithi yake alizaliwa wilaya ipi.

Walivumiliana kwa muda. Kisha Markstein akaondoka, kazi ikiwa haijaisha. Na yule bwana anayepigiwa meza ngumi kwenye ufunguzi, aliyekaa kimya huku steringi akifoka? Ni George Markstein. Picha ile ilibaki hadi sehemu za mwisho, kwa hiyo muda wote huo McGoohan anaonekana akimtupia Markstein barua ya kujiuzulu, ilhali aliyeondoka kwa kweli alikuwa ni Markstein.

Ukishalijua hilo, anza kutazama kila sehemu ukijiuliza nani ameshika usukani. Pale ambapo kuna ramani, saa, mpango wa kutoroka na wakubwa wa London wasioaminika, ni upande wa Markstein. Pale ambapo kuna vinyago, baraza, umati unaopiga kelele kwa pamoja na maswali yasiyojibiwa, ni upande wa McGoohan. Mipaka haiko safi, maana waandishi wengine walikuwepo na kila mmoja alikuja na yake. Lakini inasaidia sana.

Kiko wapi sasa?

Chukua The Chimes of Big Ben, iliyoandikwa na Vincent Tilsley, ambayo naiona ndiyo bora kuliko zote za upande wa kijasusi. Analetwa mwanamke aitwaye Nadia, anajifanya mfungwa mpya. Anamnong'oneza Namba Sita kwamba anapajua walipo: pwani ya Lithuania, maili 30 tu kutoka mpaka wa Polandi. Namba Sita anaingia mashindano ya sanaa ya Kijiji, anachonga vinyago vya ajabuajabu ambavyo waamuzi wanavisifia sana, kumbe ni vipande vya mashua. Wanatoroka. Wanampata mtu wa Polandi, Namba Sita anaazima saa yake ya mkono, wanafungiwa kwenye kreti na kusafirishwa hadi London, mpaka ofisi ya wakubwa wake wa zamani. Dirishani zinasikika kelele za magari. Kanali anamwuliza: haya, sasa tuambie, kwa nini ulijiuzulu? Na Namba Sita, kwa mara ya kwanza, anafungua mdomo kujibu.

Hapo Big Ben, saa kuu ya London, inagonga mara nane, saa mbili kwa hesabu yetu. Anaitazama saa aliyopewa Polandi. Nayo inasema saa mbili. Lakini Polandi na London zinapishana saa nzima. Anasimama, anafuata waya ukutani, anauchomoa, na magari yote ya London yananyamaza kwa pamoja. Zilikuwa sauti za mashine ya kurekodia. Anafungua mlango na kutoka nje, na nje ni Kijiji.

Kwa hiyo Lithuania ilikuwa uongo wa Nadia. Hilo fundo limekwisha. Moroko je? Hiyo inatoka Many Happy Returns. Anaamka siku moja anakuta Kijiji kitupu, hakuna maji bombani, hakuna mtu, paka mweusi tu. Anaunda chelezo, anapiga picha za kila kona ziwe ushahidi, anasafiri majini siku nyingi huku akiandika kumbukumbu. Akifika Uingereza, wataalamu wanachukua kumbukumbu zile, mwendo na upepo, wanapata eneo pwani ya Moroko, kusini-magharibi mwa Ureno na Hispania. Hapa hakuna Nadia wa kudanganya. Hata hivyo, kumbuka kwamba waliopiga hesabu ni walewale wakubwa wake, na kwamba rubani anayempeleka kukitafuta Kijiji kwa ndege anamrusha juu yake kwa parashuti. Aliyekuwa mwenyeji wake mwema kule London anamkuta chini na keki ya siku ya kuzaliwa, akiwa ndiye Namba Mbili mpya. Tarehe hiyo ya kuzaliwa, Machi 19, ni ya McGoohan mwenyewe. Mimi hesabu ile siiamini, maana kila aliyeigusa alikuwa wao.

Linabaki lori la Fall Out, linalotokea kwenye handaki na kuingia moja kwa moja barabara ya A20, kwenye kibao kinachosema London maili 27. Hapa Markstein alishaondoka na McGoohan ndiye mwandishi, mwelekezaji na steringi. Kwake jibu ni rahisi na halihitaji ramani: Kijiji hakikuwa mbali na nyumbani hata siku moja.

Kwenye Arrival kuna dakika moja inayokuonyesha mapema. Namba Sita anaingia dukani na kuomba ramani. Anapewa ramani ya Kijiji. Anaomba kubwa zaidi, inayoonyesha maeneo ya jirani. Anapewa kubwa zaidi, ya rangi, bei juu kidogo. Anaifungua: Kijiji kilekile, na pembeni pameandikwa tu milima, ufukwe, bahari. Mwenye duka anamwambia kwamba nyingine hawana, haziombwi na watu. Aliyewahi kulala Matema atalielewa jambo hili haraka. Nyuma yako milima ya Livingstone imesimama kama imekatwa kwa panga, mbele yako Ziwa Nyasa, na kwenda Ikombe kwa wafinyanzi wa vyungu unapanda mtumbwi. Pazuri kupita kiasi. Ningepewa mimi kamera, Namba Mbili ningemjengea pale.

Palipopigwa picha kweli ni Portmeirion, kaskazini mwa Wales, mahali palipojengwa na msanifu Clough Williams-Ellis kuanzia 1925 kwa mtindo wa Kiitaliano. McGoohan alipajua tangu Danger Man. Watazamaji hawakuambiwa jina la mahali hadi tamati, ndipo likaonekana kwenye shukrani. Na ilipotengenezwa upya 2009, sehemu sita, Jim Caviezel akiwa Sita na Ian McKellen akiwa Mbili, walikuja kupiga picha Afrika: Swakopmund, Namibia, mji wa pwani wenye majumba ya Kijerumani na jangwa mgongoni. Mahali walichagua vizuri. Yaliyobaki hayana chumvi, na sitayapotezea aya.

Mwenyekiti wa kijiji

Mtu wa Iringa au Njombe haangalii tamthilia hii bila kukumbuka vijiji vingine. Septemba ileile ya 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Ujamaa Vijijini, akisisitiza kwamba watu wasilazimishwe. Mwishoni mwa 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Kabla ya hapo, Krismasi ya 1971, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alikuwa ameshauawa Isimani na mkulima Said Mwamwindi katika mvutano wa mashamba. Sisemi McGoohan alikuwa anatuwaza sisi. Hakuwa na habari nasi. Wala vijiji vile havikuwa jela: vililetea wengi shule na zahanati. Ninachosema ni kwamba wazee wa huku wanaiona tamthilia kwa jicho jingine. Shangazi yangu mmoja wa Uyole, baada ya kukaa nasi kwa sehemu mbili tatu, hakushughulika na Namba Moja, yule mkubwa wao asiyeonekana, ni nani. Aliuliza, "Na huyu mwenyekiti wao, anachaguliwa na nani?"

Shangazi alikuwa ameuliza swali la Free for All. Unatangazwa uchaguzi wa Namba Mbili, na Namba Sita anashawishiwa agombee. Kabla hajakubali vizuri, mabango yenye sura yake yameshachapwa na umati unaimba. Mwandishi wa gazeti la Kijiji, Tally Ho, anampandia kwenye gari na kumhoji. Utaendeshaje kampeni? Namba Sita anasema hana la kusema. Mwandishi anaandika huku akitamka: anakusudia kupigania uhuru kwa gharama yoyote. Sera zako za ndani? Sina la kusema. Anaandika: ataimarisha ulinzi wa Kijiji. Dakika chache baadaye gazeti liko mtaani na mahojiano yote yamo. Akishinda, umati uliokuwa unapiga kelele unamtazama kimya, bila hata kofi. Anashika kipaza sauti kuwaambia wako huru waondoke, na hakuna anayesogea. Jibu la shangazi lilikuwa limepatikana, naye akaenda zake kulala.

Nyingine ya aina hiyo ni The General. Kijiji kinaleta mbinu ya masomo: unakaa mbele ya televisheni, na kwa dakika tatu kozi ya historia ya miaka mitatu inaingia kichwani. Asubuhi mtaa mzima unajibu maswali ya historia kwa maneno yaleyale, neno kwa neno, tarehe kwa tarehe, na hakuna anayejua maana yake. Nyuma ya mbinu hiyo kuna kompyuta inayosemekana kujibu swali lolote. Namba Sita anaiandikia swali moja: kwa nini? Inawaka moto. Kama umewahi kukesha ukikariri notsi za kidato cha nne, utacheka, kisha utaacha kucheka.

Zipangwe vipi?

Hapa mashabiki wamegombana kwa miaka mingi, hata chama chao, Six of One, kilichoanzishwa 1977, kina mpangilio wake. Sababu ya ugomvi ni hesabu. McGoohan alitaka sehemu saba tu. Grade alitaka 26, ziuzike Marekani. Wakaishia 17. Zilipigwa picha kwa mpangilio mmoja, zikarushwa kwa mpangilio mwingine, na ndani ya mazungumzo kuna dalili za mpangilio wa tatu.

Dalili zenyewe ni za kufurahisha kuzitafuta. Dance of the Dead ilirushwa ya nane, lakini ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kupigwa picha, na ndiyo ambayo Namba Sita anasema yeye ni mgeni hapa. Isogeze mwanzoni, tatizo limeisha. Nyingine: A. B. and C. na The General zina Namba Mbili yuleyule, mwigizaji Colin Gordon. Kwenye A. B. and C. ni mtu wa wasiwasi, anakunywa maziwa, anaitazama simu kubwa nyekundu kama nyoka. Kwenye The General ni mtu wa kujiamini. Zilirushwa ile ya wasiwasi kwanza. Lakini sikiliza ufunguzi. Katika sehemu nyingi Namba Sita akiuliza "wewe ni nani?" sauti hujibu "Namba Mbili mpya." Kwenye A. B. and C. inajibu "mimi ni Namba Mbili," bila upya. Basi huyu alishakuwepo: alianza na The General akijiamini, akaharibikiwa, akapewa nafasi ya pili, na ndiyo maana anatetemeka. Ukizitazama kwa mpangilio huo unapata hadithi ndogo ya mtu mzima anayeporomoka kazini.

Zile zinazoonekana zimepotea njia zina sababu za kawaida kabisa. Do Not Forsake Me Oh My Darling, ambayo akili ya Namba Sita inahamishiwa kwenye mwili wa mtu mwingine, ilitungwa hivyo kwa sababu McGoohan alikuwa hayupo, amekwenda Marekani kuigiza Ice Station Zebra. Nigel Stock akabeba kazi. Living in Harmony ndiyo ya makauboi: jaribio la Kijiji kumvunja kwa kumweka kwenye mji wa bandia wa Magharibi ya Marekani, naye akiwa polisi anayekataa kubeba bastola. CBS ya Marekani haikuirusha mwaka 1968. The Girl Who Was Death ni utani mtupu, na mwishoni unaambiwa kwa nini ni utani. Yaani, kazi ilishakuwa ndefu na mawazo ya ziada yalihitajika. Living in Harmony naitetea popote; ile ya kuhamisha akili, hapana.

Namba Moja

Sasa tamati. Once Upon a Time ilipigwa picha mapema sana, kisha ikahifadhiwa. Namba Mbili wa humo ni Leo McKern, yuleyule wa The Chimes of Big Ben, mwenye ndevu. Anafungiwa chumba kimoja na Namba Sita kwa wiki nzima, mmoja wao lazima afe, na McKern anaanguka. Miezi mingi baadaye ndipo Fall Out ikaandikwa, kwa haraka kubwa. McKern akaitwa tena, naye wakati huo alishanyoa ndevu. Suluhisho lao: Namba Mbili anafufuliwa kwenye kiti, na katika kumfufua wanamnyoa. Ukiiona mara ya kwanza unadhani ni ishara nzito ya kuzaliwa upya. Ni kinyozi tu. Napenda kwamba vyote viwili ni kweli.

Baada ya kesi ya vinyago, nyimbo na hakimu, na kabla ya bunduki za rashasha kulia huku Beatles wakiimba kuhusu upendo, Namba Sita anapelekwa kwa Namba Moja. Amevaa joho, uso umefunikwa. Anavuta kinyago: chini yake kuna sura ya nyani. Anavuta cha pili: sura yake mwenyewe, ikicheka kama mwendawazimu. Inaonekana kwa sekunde chache, ukipepesa imekupita.

Watazamaji wa 1968 walikasirika. Walisubiri adui mkuu, mtu mwenye kiti na paka, kama katika muvi za kijasusi. Lakini dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Kila wiki Namba Sita aliuliza "nani Namba Moja?" na kila wiki alijibiwa kwa kuitwa Namba Sita, kwa maneno ambayo kwa Kiingereza, ukiweka pumziko kidogo katikati, yanageuka kuwa "ni wewe." Mlango wa nyumba yake London una namba 1. McGoohan alilieleza mwenyewe mwaka 1977, alipohojiwa na Warner Troyer kwa televisheni ya Ontario, Kanada: uovu mbaya kuliko wote ni ule ulio ndani ya mtu. Markstein, kwa upande wake, hadi anafariki 1987 alishikilia kwamba Namba Sita ni John Drake wa Danger Man aliyejiuzulu. McGoohan alikana. Kwa ushahidi wa picha simkubalii Markstein. Kwa ushahidi wa nusu ya miswada, namwelewa.

Dakika za mwisho usizime. Mlango wa nyumba ya London unafunguka wenyewe kwa mlio uleule wa milango ya Kijiji. Juu ya picha yanatokea majina: Alexis Kanner, Angelo Muscat, Leo McKern, kila mwigizaji jina lake. Inapofika zamu ya McGoohan, akiwa kwenye Lotus, haliandikwi jina. Linaandikwa neno moja: mfungwa. Kisha radi, na gari linakuja mbio kama mwanzo.

Kwa anayetaka kuanza, mwambie anayekurushia abadilishe majina ya mafaili na kuweka namba mbele. McGoohan alitaja saba ambazo kwake ndizo tamthilia yenyewe: Arrival, Free for All, Dance of the Dead, Checkmate, The Chimes of Big Ben, Once Upon a Time na Fall Out. Mpangilio huo unatosha kwa mtu mwenye wikiendi moja ya Juni, mvuke ukitoka mdomoni na chai ya Rungwe mezani. Ila hizo mbili za mwisho tazama usiku mmoja.

Mimi naongeza The General, na naongeza Hammer into Anvil, ambayo McGoohan hakuitaja na hapo nakataa kumfuata. Humo Namba Mbili, Patrick Cargill, anamtesa mwanamke mgonjwa mpaka anajirusha dirishani, na Namba Sita anaapa kumlipizia. Hatumii ngumi. Anaingia duka la muziki, anasikiliza nakala sita za santuri moja huku akitazama saa, anaondoka bila kununua. Anaficha mahali karatasi ambazo hazijaandikwa kitu. Anaacha mlangoni pa Namba Mbili boksi lenye saa ya ukutani ya ndege, wataalamu wa mabomu wanaitwa. Hakuna siri yoyote, lakini Namba Mbili anaiona kila mahali. Anawafukuza wasaidizi wake mmoja mmoja, kwamba wote wamenunuliwa. Mwishoni amebaki peke yake na simu nyekundu, na anaipiga kujiripoti mwenyewe. Ukiwa na mgeni ambaye hajawahi kusikia habari za Kijiji na una saa moja tu, muwekee hiyo. Inajitosheleza, na haimdai ajue lolote kuhusu Moroko.